Kitambi si dalili ya neema

Wengi wetu huamini kuwa unene kupita kiasi ni ugonjwa wa matajiri wa Karen na Muthaiga. Sivyo. Wagonjwa ninaowapima kila siku hutoka Kayole, Umoja, Dandora na Buruburu, na wengi wao uzito umezidi kipimo.

Takwimu zathibitisha hayo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09 ulionyesha kuwa jijini Nairobi, wanawake 41 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka wa 2015 watu wazima walipopimwa kote nchini, wanawake 38 na wanaume 17 katika kila 100 walipatikana na hali hiyo.

Chanzo si ulafi tu. Mkazi wa Eastlands huamka alfajiri, akanywa chai kwa mandazi, akakwama ndani ya matatu katika Barabara ya Jogoo, akashinda ameketi kazini, na jioni akanunua chipsi kwa kuwa amechoka kupika. Viwanja vya michezo navyo vimenyakuliwa katika mitaa mingi.

Lakini kwa maoni yangu, kizuizi kikubwa zaidi ni ulimi wa jirani. Mwanamke akinenepa, husemwa mumewe anamtunza. Mwanamume akiota kitambi, huitwa mdosi. Wakikonda, watu hunong'ona kuwa wana Ukimwi. Hofu hiyo ilitushika miaka ya 1990 na haijatutoka. Nimewashauri akina mama wenye shinikizo la damu wapunguze uzito, wakanijibu: "Daktari, majirani watasema nini?"

Majirani hawatakununulia dawa za kisukari, wala hawatakuogesha ukipatwa na kiharusi. Isitoshe, siku hizi anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi anaweza kuwa mnene kukushinda wewe. Huwezi kujua hali ya mtu kwa kumtazama.

Basi jipime. Chukua futi ya fundi wa nguo ujizungushie kiunoni. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanamume sentimita 94, ameanza kuingia hatarini. Ukiwa na mizani, mtu mzima wa urefu wa mita 1.60 huhesabiwa amezidi uzito afikapo kilo 64, na akikaribia kilo 77 huo ni unene wa hatari.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Kula chapati moja badala ya tatu, pima mafuta kwa kijiko, acha soda, ongeza sukuma wiki na maharagwe. Shuka matatu mapema utembee nusu saa. Usikate tamaa mwezi wa kwanza.

Na ukimwona jirani amepungua, usimwulize anaugua nini. Mwulize amefanyaje, nawe ufanye vivyo hivyo.