Barua Iliyorudi Bila Kutumwa

Wiki hii twaligeukia jambo ambalo akina mama wanaofanya biashara zao kwa mtandao hulikuta ghafla na kufadhaika. Mtu afungua barua pepe zake asubuhi na kukuta arifa kumi, ishirini, pengine mia, kila moja ikimweleza kuwa barua yake haikumfikia mlengwa. Walengwa wenyewe hawajui. Maneno yaliyomo, na mara nyingine ni ya aibu, hakuyatunga yeye. Na anayeleta arifa hizo ajiita "Mailer-Daemon".

Jina hilo tuliondoe njiani kwanza, kwa kuwa limewatia wengi hofu isiyo na sababu. Halihusiani na shetani. Wataalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1960 waliziita "daemon" programu zinazofanya kazi kimyakimya bila kuamrishwa kila mara, wakikopa mfano uliotokana na mwanafizikia James Clerk Maxwell. Ni tarishi tu, tena tarishi mwaminifu.

Kwa nini basi tarishi huyu abishe mlangoni pa asiyetuma kitu? Fikirini mtu aliye mji wa mbali, aandikaye barua elfu moja na nyuma ya kila bahasha akaweka jina lako na sanduku lako la posta la Mombasa. Karani hatamwomba kitambulisho. Barua zitakazokosa wenyewe zitarudishwa, wala hazitarudi kwake, zitarudi kwako. Barua pepe nazo zasafirishwa kwa kanuni iitwayo SMTP, aliyoiandika Jonathan Postel mwaka 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache zilizoaminiana. Kanuni hiyo haikumlazimisha mtumaji kuthibitisha kwamba anwani aliyoiandika ni yake.

Uaminifu huo ulitumiwa vibaya. Mwaka 2003 kirusi kilichoitwa Sobig.F kilikuwa kikiingia katika kompyuta, kikizikusanya anwani kilizozikuta humo, kisha kikiweka mojawapo mahali pa mtumaji. Aliyeambukizwa alikuwa mtu mmoja na aliyelaumiwa mwingine kabisa.

Hapa ndipo penye uzito wake kwa familia. Arifa ya kurudi mara nyingi hubeba nakala ya barua yenyewe. Mume akiiona, au wifi, au kijana aliyeazimwa simu, atasoma maneno machafu yaliyoandikwa kwa jina la mama wa nyumba, yaliyopelekwa kwa wanaume asiowajua mtu. Twasema wazi: arifa hiyo peke yake si ushahidi kwamba mwenye jina ameandika. Anayepelekewa shauri la namna hii, awe mzee wa ukoo au kadhi, asikubali picha ya skrini peke yake. Aombe barua ionyeshwe katika umbo lake kamili, pamoja na mistari ya juu iliyofichika kwa kawaida, inayotaja mitambo iliyopitia. Mistari hiyo nayo yaweza kughushiwa kwa sehemu, lakini ule ulioandikwa na mtambo wa mpokeaji hutaja ulikotoka mzigo huo, na mara nyingi si kwa kampuni inayotunza barua zako.

Hata hivyo isidhaniwe kila mara kuwa ni jina tu lililoazimwa. Yawezekana mwizi ameingia ndani. Tazama barua zilizotumwa, ingawa mwizi mwerevu huzifuta. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia katika akaunti. Tazama pia kama pamewekwa amri ya kupeleka nakala za barua zako mahali pengine, maana wengi hubadilisha nywila na kuisahau amri hiyo ikiendelea kuvujisha siri. Ukiona dalili hizo, badilisha nywila na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Usipoziona, na anwani zilizoandikiwa ni za watu usiowajua, yaelekea ni kughushiwa tu. Hapo huna la kuzuia, ila mafuriko hayo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, tapeli ahamiapo jina jingine.

Wala usifungue kiambatisho kilichomo katika arifa. Kirusi cha Mydoom, mwaka 2004, kilisambaa kwa kujivika vazi hilohilo la barua iliyoshindwa kufika.

Shule, madrasa na maduka yenye anwani zilizosajiliwa kwa jina lao wana silaha zaidi, na twashangaa ni wangapi hawajazitumia. SPF ni orodha ya mitambo iliyoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye barua. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita mitihani hiyo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwadai watumaji wa barua nyingi wawe nazo zote tatu. Mwambieni fundi wenu aziweke.

Lakini hakuna muhuri unaomzuia tapeli kufungua anwani mpya ya bure na kuipa jina la kaka yako aliye Doha. Ikija barua ya kuomba fedha, au ya kusema akaunti ya karo imebadilishwa, mpigie mhusika kwa nambari uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Na aliyedhurika asizifute arifa hizo kwa hasira. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao yahesabu kujifanya mtu mwingine kuwa kosa, na polisi watazihitaji zikiwa kamili kama zilivyofika.