Futari ya Lodwar na Kakuma: Kupika kwa Kilichopo



Mama zetu na dada zetu, wiki hii tunalipeleka jiko letu mbali na bahari. Wapo watoto wetu wa Pwani wanaofanya kazi Turkana: walimu, wauguzi, madereva, watumishi wa kaunti na wa mashirika. Wapo pia Waislamu wenyeji wa huko, na wafanyabiashara wa Kisomali waliokaa Lodwar miaka mingi. Na wapo maelfu ya ndugu zetu walio katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016. Wote hao hufunga mwezi ule ule tunaoufunga sisi, chini ya jua kali zaidi, wakiwa na jiko lenye vitu vichache zaidi. Tumeona ni vyema kuitazama futari yao, kwa faida ya aliye huko na kwa faida yetu tuliobaki huku.

Tuanze na wakati, maana futari nzuri iliyoliwa kabla ya wakati wake huharibu funga ya siku nzima. Lodwar iko magharibi ya Mombasa, na kwa hiyo jua huchelewa kuzama huko. Katika miezi ya Februari na Machi tofauti ni kati ya dakika kumi na robo saa hivi, na Kakuma huongeza dakika mbili tatu juu ya hizo. Basi aliyezoea kufuturu kwa adhana ya redio au televisheni ya Mombasa asifanye hivyo akiwa Turkana. Asikilize mwadhini wa msikiti wa pale alipo, au atazame ratiba ya mji ule. Alfajiri nayo huchelewa vivyo hivyo, hivyo hakuna anayedhulumiwa: muda wa kufunga haupishani kwa kitu kikubwa, saa zake tu ndizo zimesogea.

Baada ya wakati, tuitazame ardhi yenyewe. Lodwar ni mji wa joto, mvua zake ni chache, na uhai wake ni mto Turkwel. Mnazi haupo. Nazi inayofika huko imetoka Pwani ikapita Nairobi na Kitale, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na bei yake hufuata urefu wa njia. Mama wa Pwani aliyehamia Lodwar akishikilia kwamba futari si futari bila mbaazi za nazi, viazi vya nazi na ndizi mbivu zilizoungwa kwa tui, mshahara wa mwezi utaishia katika chungu kimoja. Lakini nchi hiyo si tupu kama inavyosemwa. Kandokando ya Turkwel hulimwa mtama, na mitende huota na kuzaa. Ziwa Turkana lina ngege, ambaye wengi humwita tilapia, na lina sangara. Samaki hao hukaushwa Kalokol na kwingineko ufukweni, kisha huletwa Lodwar wakiwa wakavu, watu wakapika bila kuhitaji friji. Mbuzi ni wengi, na maziwa ya mbuzi na ya ngamia hupatikana kwa wafugaji. Mwenye tende, maji, mtama, samaki na maziwa hakukosa futari. Wenye kufunga katika nchi kavu tangu enzi za mwanzo walifuturu kwa machache kuliko hayo.

Kakuma hali ni nyingine. Huko chakula cha watu wengi hakitoki shambani wala ziwani, kinatoka katika mgao. Kwa miaka mingi Shirika la Chakula Duniani, WFP, limegawa nafaka, kunde na mafuta. Na kuanzia mwaka 2015 sehemu ya mgao ilitolewa kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, ili mtu anunue mwenyewe dukani. Fedha za wafadhili zilipopungua, mgao nao ukapungua. Mwanzoni mwa Machi 2025, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, wakimbizi waliandamana Kakuma kulalamikia kupunguzwa kwa chakula. Kufikia katikati ya mwaka huo mgao ulikuwa umeshuka chini ya theluthi moja ya kile kinachohesabiwa kuwa chakula cha kumtosha mtu, na kuanzia Agosti kaya zikapangwa katika makundi, wengine wakipata zaidi, wengine kidogo, na wengine wasipate kitu.

Mama aliye katika hali hiyo hakai akichagua baina ya kaimati na sambusa. Anachochagua ni kupika leo au kubakisha kwa kesho, kulipa deni la dukani au kununua mafuta. Deni hasa ndilo linalotisha. Familia nyingi za kambini hula kwa mkopo katikati ya mwezi, na wapo wenye maduka wanaoshikilia kadi ya mteja mpaka pesa iingie. Ramadhani huongeza tamaa ya kukopa, kwa sababu watoto wanasikia harufu za jirani na mama hapendi wajione wanyonge. Hapa twasema kwa upole lakini kwa uwazi: futari ya mkopo si sunna. Kufuturu kwa maji na tende moja, au kwa maji peke yake, ni futari kamili mbele ya Mwenyezi Mungu. Sinia lililojaa likalipiwa kwa mgao wa mwezi ujao ni njaa iliyoahirishwa.

Hata hivyo Kakuma ina utajiri wake jikoni. Msomali hufuturu kwa sambusa, tambi na canjeero. Msudani huleta ful na asida, na akiweza hutengeneza hulu-mur, kinywaji chekundu cha mtama kilichotiwa viungo. Mworomo ana shurba yake, na Mkongo hujua kuifanya karanga iliyosagwa iwe mchuzi mzito wa kushiba. Kwa mtu wa Pwani aliyenyimwa nazi, hiyo karanga ni somo kubwa. Kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikikorogwa kwa maji ya moto, hufanya kazi ya tui katika mchuzi wa dengu, na humpa mfungaji nguvu na mafuta kwa pamoja.

Basi tumeandaa futari ya watu sita inayoweza kupikwa Lodwar au Kakuma kwa vitu vya pale pale.

Kwanza, uji wa mtama. Chukua kikombe kimoja cha unga wa mtama, ukoroge kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge, kisha mimina katika vikombe vitano vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Uache uchemke polepole kwa dakika kumi na tano. Badala ya sukari, toa kokwa tende sita, ziloweke katika maji kidogo tangu alasiri, uziponde na kuzitia. Ukiwa na iliki au pilipili manga, tia chembe kidogo. Maziwa ya mbuzi yatiwe mwisho, nayo yawe yamechemshwa.

Pili, mchuzi wa dengu na samaki mkavu. Vikombe viwili vya dengu zilizopasuliwa, zile za njano zinazopatikana katika mgao na madukani, zichaguliwe, zioshwe na kulowekwa tangu asubuhi. Samaki mkavu alowekwe katika chombo chake, na maji yake yamwagwe mara mbili. Usiidharau hatua hii: chumvi ikibaki, mfungaji atalala na kiu na kuamka na kiu. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya na bizari, kisha dengu na maji ya kuzifunika. Zikilainika, tia karanga zako zilizotwangwa na vipande vya samaki, uache dakika kumi. Ndimu ikamuliwe mezani. Mchuzi huu huliwa kwa asida ya mtama, kwa chapati au kwa wali, kila nyumba kwa uwezo wake.

Kuloweka kuna faida nyingine, nayo ni kuni. Kambini kuni hugawiwa kwa kiasi, na zisipotosha hununuliwa. Wanaoziuza, pamoja na makaa, wengi wao ni wanawake wa Kiturkana wanaotembea mwendo mrefu juani na mzigo kichwani. Dengu zilizolowekwa kutwa huiva kwa sehemu ndogo ya moto unaohitajiwa na dengu kavu. Chungu kikishachemka vizuri, kiepue, ukifunike barabara, ukitie ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au nyasi kavu, kitaendelea kuiva chenyewe mpaka magharibi. Kwa mama anayefunga, njia hii humwondolea saa nzima ya kusimama mbele ya moto wakati joto la nje limepita nyuzi 35.

Joto hilo hilo hutulazimisha kusema habari za mabaki. Pwani tumezoea kupika futari nyingi na kuila tena wakati wa daku. Lodwar na Kakuma, chakula cha samaki, nyama au maziwa kilichokaa wazi tangu magharibi si salama kufikia saa kumi za usiku. Pika kiasi cha kuliwa mara moja. Daku lipikwe upya, hata kama ni uji tu, au liwe la vitu vikavu: mkate, chapati, karanga, tende. Na maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Anayekunywa jagi zima dakika ya mwisho hupoteza mengi kwa haja ndogo kabla ya jua kupanda.

Tusisahau wale waliopewa ruhusa. Mgonjwa, msafiri, mama mjamzito na anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake, wote hao dini imewafungulia mlango. Mahali ambapo mgao umepungua na watoto wamekonda, mama anayenyonyesha asijitese kwa kuona haya mbele ya majirani. Amuulize sheikh wake, aende pia kliniki, na majirani nao wasihesabu nani amefunga na nani hakufunga. Naye mume akumbuke kwamba mke aliyesimama jikoni naye amefunga kama yeye. Kuchota maji bombani na kubeba jerikeni si kazi iliyoandikiwa wanawake peke yao.

Limebaki jambo la ujirani, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mila yetu ya Pwani ni kupelekeana futari: sahani imefunikwa kawa, mtoto ametumwa kabla ya adhana, na sahani hairudi tupu. Mila hii ni hazina kwa mtu aliye Turkana, kwa sababu inamwezesha mwenye nacho kumpa asiye nacho bila yeyote kuitwa maskini. Lakini ule sharti la kurudisha sahani ikiwa na kitu litazamwe vizuri. Pale jirani asipokuwa na cha kurudisha, mtume mtoto wako aichukue sahani mapema, mikono ya mwenzio isione uzito. Na jirani si Mwislamu peke yake. Yule mama wa Kiturkana aliyeleta kuni mlangoni mchana wa jua kali astahili maji ya kunywa papo hapo, na jioni astahili sahani kama mwingine. Kuni zake ndizo zilizoivisha futari yako.

Nasi tulio huku Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, tuna la kufanya. Ukitaka kumsaidia ndugu aliye Lodwar au Kakuma, tuma pesa kwa simu kabla mwezi haujaingia, kuliko kutuma magunia yatakayolipiwa nauli kubwa kuliko thamani yake. Pesa itanunua mtama na samaki wa pale pale, na itamtia nguvu muuzaji wa pale pale. Wala usingoje kumi la mwisho, wakati madeni yamekwisha kuandikwa. Na Zakatul-fitri, ile pishi moja ya chakula kikuu kwa kila kichwa, hutolewa kabla ya sala ya Idi. Kama nia yako ni kuipeleka kwa wahitaji wa mbali, muulize imamu wako mapema juu ya hukumu yake, upate kuiwahi.

Twajua futari zetu za Pwani ni nzuri, na hatumwambii mtu azisahau. Aliye Lodwar akipata nazi moja siku ya Ijumaa, na apike mbaazi zake, na nyumba nzima ifurahi. Siku nyingine zote mtama wa Turkwel na samaki wa ziwani watamtosha, na kitakachozidi atakuta mlango wa karibu unaokihitaji.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awape wasaa ndugu zetu walio katika dhiki, na asitujaalie kuwa watu wanaoshiba ilhali jirani yao amelala na njaa. Amin.