Butembo: mwanafunzi wa chuo kikuu asome mengi ao atafute kazi tu?

Kwenye komine ya Bulengera, kama kwenye zile zingine tatu za mji wa Butembo, yaani Kimemi, Mususa na Vulamba, jamaa nyingi zinapiga hesabu ileile kila mwaka wa masomo unapokaribia: nani aende chuo kikuu, aingie fakilte gani, na akimaliza atakula nini. Feza ya minervali inatoka kwenye shamba la kahawa ao kakao, kwenye meza ya sokoni, ao kwenye pikipiki ya kaka mkubwa. Ndiyo maana maneno ya wazazi ni makali. Mtoto asome kitu chenye kuleta kazi. Kozi za lojiki, historia na elimu ya uraia zinaonekana kuwa za kupoteza wakati na feza.

Mageuzi ya LMD yamekipa kilio hicho nguvu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alipokuwa waziri wa masomo ya juu, vyuo vyote vya nchi viliagizwa kuacha mpango wa zamani wa gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake. Leo lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180, kisha masta ya miaka 2 kwa mwenye uwezo. Jamaa isiyo na feza itasimama kwenye miaka 3. Na ndani ya miaka hiyo mifupi, kila saa ya kozi ya jumla inaonekana kama imeibwa kwenye kozi ya ufundi.

Lakini swali ambalo wazazi hawaulizi sana ni hili: kumtayarisha mtoto kwa kazi gani? Kazi ya leta kwanza inangoja matrikile, na walimu wengi wanajua jinsi mtu anavyoweza kufundisha miaka bila mshahara wa serikali. Biashara ya Butembo, ile ya kontena za Dubai na Guangzhou, ina wakubwa wengi ambao hawakupitia chuo chochote. Na tangu Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, uchumi wa jimbo umekatwa vipande na makao ya serikali ya jimbo yamehamia Beni. Kazi iliyokuwa nzuri jana inaweza kuwa haipo kesho.

Mji huu ulishaona jambo hilo kwa macho. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, karibu na Beni. Kwa karibu miaka 2 kulikuwa kazi: madereva, wanyunyizaji wa dawa, wapima joto barabarani, wafuatiliaji wa watu waliogusana na wagonjwa. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ulitangazwa umekwisha, na kazi hizo zikaisha nao. Aliyekuwa amejifunza kushika kipimo cha joto peke yake alirudi nyumbani.

Ila somo kubwa la Ebola ni lingine. Chanjo ilikuwepo. Madaktari walikuwepo, wengine kutoka mbali. Hata hivyo vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa OMS, mtu wa Kamerun, aliuawa ndani ya kliniki za Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Watu zaidi ya 2,200 walikufa kwa ugonjwa huo. Sindano haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza kwa nini mwananchi wa hapa haamini.

Na sababu za kutoamini hazikuwa kwenye kitabu cha tiba. Zilikuwa kwenye miaka ya mauaji ya Beni ambayo watu waliona hayana mwenye kuyazuia. Zilikuwa pia kwenye tangazo la tume ya uchaguzi la Desemba 2018, lililoahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa kisa cha Ebola na usalama, wakati rais alikuwa ameshaapishwa Januari. Muuguzi asiyejua kusoma historia hiyo aliona ujinga mbele yake. Muuguzi aliyeijua aliona hasira, akatafuta maneno mengine, kwa Kinande, na pengine mlango ulifunguka. Elimu ya uraia, ile kozi inayochekwa, ilikuwa kwa muda huo sehemu ya kazi ya daktari.

Hii haitoi haki kwa vyuo kuendelea kama vilivyo. Kozi ya jumla inayosomwa na mamia ya watu ndani ya ukumbi mmoja, kwa silabusi inayouzwa na kukaririwa usiku wa mtihani, haimsaidii mtu yeyote, na mwanafunzi ana haki ya kulalamika. Staji nayo mara nyingi ni karatasi ya kupigwa muhuri tu. Wazazi wanaposema watoto wanatoka na diploma bila kujua kazi, hawasemi uongo.

Beni kuna jaribio la kuangalia. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, UCBC, kilichoanzishwa na David Kasali mwaka 2007, kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na kimeweka kazi za mikono na huduma kwa jamii ndani ya masomo yenyewe. Hapo hakuna mtu anayechagua kati ya kufikiri na kufanya kazi. Graben nayo, iliyoanzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, ina fakilte za tiba, kilimo na dawa ya mifugo, mambo ambayo kila mlima wa Lubero unayahitaji.

Kinachobaki kwa komite za vyuo vya Butembo ni kazi ndogo na ngumu. Mwanafunzi wa mwisho wa kilimo anayetoka Bulengera anaweza kupewa swali moja la kuandikia: kwa nini mbegu bora inakataliwa kwenye mlima fulani? Atahitaji kujua udongo. Atahitaji pia kujua nani ana haki ya shamba, mama anauza wapi, barabara ilifungwa na nani na tangu lini. Na atahitaji profesa mwenye muda wa kupanda mlima pamoja naye, akilipwa kwa siku hiyo.