Mgeni Aliyetoka Mwezini na Adhana Tuliyomsingizia

Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwaka huu tunapenda kuutumia ukurasa huu kwa jambo ambalo si jepesi kwetu sisi walimu kulisema. Nalo ni kwamba kisa tulichokuwa tukikusimulieni miaka nenda miaka rudi, cha mwanaanga Neil Armstrong kusikia adhana mwezini na kisha kusilimu, si cha kweli.

Ndugu msomaji bila shaka unakijua. Wengine tulikipata kwenye kaseti za mihadhara, wengine kwenye karatasi zilizotolewa fotokopi na kugawiwa mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na siku hizi kinaletwa na simu. Kinasema kwamba Armstrong alipokanyaga mwezi alisikia sauti asiyoijua. Akarudi duniani, akatembezwa katika nchi mbalimbali, na alipofika Cairo akasikia sauti ile ile ikitoka kwenye mnara. Akauliza, akaambiwa kuwa hiyo ni adhana, akasilimu hapo hapo. Wengine huongeza kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu hiyo na akahamia Lubnani.

Tuanze na ziara yenyewe, maana ziara ilikuwepo kweli. Chombo cha Apollo 11 kilirushwa tarehe 16 Julai 1969. Armstrong alipoteremka ngazi na kuweka mguu juu ya mwezi, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa tarehe 21 Julai, saa 11:56 alfajiri, yaani wazee wetu wa pwani walikuwa wamekwisha kusali Alfajiri na jua bado halijachomoza. Wanaanga walirudi tarehe 24 Julai. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba mwaka huo huo, Armstrong na wenzake wawili, Buzz Aldrin na Michael Collins, pamoja na wake zao, walitumwa na Rais Nixon kuzunguka dunia kwa ziara ya urafiki. Walipita katika nchi zaidi ya 20. Walifika Mexico City, Paris, London na Roma. Walifika pia Kinshasa kwa jirani zetu wa Kongo, pamoja na Ankara, Tehran na Dhaka, ambayo wakati huo ilikuwa bado ni Pakistani ya Mashariki. Hiyo mitatu ya mwisho ni miji ya Waislamu, ambako adhana husikika kila siku.

Cairo haimo katika ziara hiyo. Wala haikuwa rahisi kuwemo, kwani Misri ilivunja uhusiano wa kibalozi na Marekani baada ya vita vya Juni 1967, na uhusiano huo haukurudi mpaka mwaka 1974. Mahali penyewe panapotajwa katika kisa, basi, palikuwa pamefungwa kwa ziara ya aina ile.

Na Lubnani je? Armstrong aliacha kazi katika shirika la anga la Marekani mwaka 1971 kwa hiari yake, akaenda kufundisha uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mpaka mwaka 1979. Alikuwa mwalimu kama sisi. Akanunua shamba karibu na mji mdogo wa jimbo la Ohio unaoitwa Lebanon, na hilo ndilo jina ambalo Waingereza huiita nchi ya Lubnani. Mtu akiusikia mji huo kwa mbali na asiulize, anaweza kumhamisha mwenzake kutoka bara moja hadi jingine bila hata ya nauli.

Tuje kwenye sauti. Wanafunzi wetu wanaosoma sayansi huko skuli wanajua kwamba sauti husafiri kwa kuitikisa hewa. Muadhini wetu akisema kwenye kipaza sauti, umeme unapita katika waya, lakini mwisho wake ile pembe iliyo juu ya mnara lazima iitikise hewa ndipo sikio lako lisikie. Mwezini hakuna hewa ya kutikisika. Armstrong alikuwa amevaa vazi lililozibwa kila upande, na sauti pekee zilizomfikia kutoka nje yake zilikuja kwa redio masikioni mwake. Alikaa nje ya chombo kwa muda wa kama saa mbili na nusu, na mazungumzo yale yalirekodiwa na kuandikwa, na kila anayetaka anaweza kuyasoma. Hatusemi kwamba Allah (S.W.) hawezi kumsikilizisha amtakaye bila ya hewa. Uweza wake hauna mpaka. Tunachosema ni kwamba aliyedaiwa kusikia ndiye mwenyewe aliyesema hakusikia.

Na hapa ndipo penye aibu yetu. Katika madrasa hii tunawafundisha wanafunzi wakubwa misingi ya elimu ya Hadithi. Tunawaambia waulize: nani kapokea kutoka kwa nani? Tunawafundisha kwamba mpokezi akisema "fulani kanihadithia", na fulani huyo akakana kwa uhakika kwamba hakuhadithia, basi mapokezi hayo huanguka. Sasa tukitazame kisa chetu kwa mizani hiyo hiyo. Mpokezi wa kwanza hana budi kuwa Armstrong, kwani mwezini hakukuwa na mwingine wa kutuelezea alichosikia isipokuwa Aldrin. Mwezi Machi 1983, baada ya magazeti ya Misri, Malaysia na Indonesia kuandika habari hizi, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziandikia balozi zake zilizoko katika nchi za Kiislamu kwamba Armstrong ameeleza kuwa habari za kusilimu kwake si sahihi, na kwamba hataki kumuudhi mtu yeyote wala kuivunjia heshima dini yoyote. Kisha mwezi Septemba 2005 alialikwa Kuala Lumpur, Malaysia, katika mkutano wa viongozi. Alikuwa mzee wa miaka 75. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu safari yake, naye bado alilazimika kukanusha kwamba alisikia adhana na akasilimu.

Hebu tumfikirie mgeni huyo. Kaja katika nchi ya Waislamu kwa wema, na wenyeji wake wanampenda kwa jambo ambalo hakulifanya. Akinyamaza ameongopa, akikanusha amewavunja moyo. Alikanusha bila ya kejeli. Sisi tulioitwa umma wa ukweli tukaendelea kukisimulia kisa, na tulipoambiwa kwamba amekanusha tukajibu kuwa amelazimishwa na serikali yake. Jawabu hilo nasi tulilitoa, tena bila ya ushahidi wowote. Armstrong alifariki tarehe 25 Agosti 2012, na hakuna alichokiacha kinachothibitisha madai yetu. Tena kwa wanaopenda haki, ibada inayojulikana kufanyika kule mwezini siku ile ni ya Aldrin, aliyefanya ibada ya Kikristo ya mkate na divai ndani ya chombo kabla ya kutoka nje. Hilo lilielezwa na mwenyewe aliyelifanya.

Si Waislamu peke yao walioingia katika mtego huu. Yuri Gagarin wa Urusi, mtu wa kwanza kwenda anga za juu tarehe 12 Aprili 1961, naye alizungushwa nchi nyingi kwa ziara za urafiki, na mwaka 1962 alifika Misri. Wasioamini Mungu wakamtia kinywani maneno kwamba alipofika juu hakumwona Mungu. Katika mazungumzo ya safari yake yaliyorekodiwa, maneno hayo hayamo. Wale walitaka shahidi wa kukanusha, sisi tulitaka shahidi wa kuthibitisha, na kila upande ukamchukua msafiri na kumsemea.

Pengine mzazi atauliza, kuna haja gani ya kuyachimbua haya? Mzee mmoja wa kamati yetu alituambia waziwazi: "Maustadhi, hata kama si kweli, kimewatia watu imani. Kiacheni." Tunamheshimu sana mzee wetu, na nia yake ni njema. Lakini tunaomba atukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), huko Madina. Jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Nani angekuwa na haki ya kunyamaza kuliko Mtume (S.A.W.) siku ile, naye ni baba mwenye msiba, na maneno ya watu yanamtukuza yeye na mwanawe? Hakunyamaza. Kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha kusali. Uvumi ule ulikuwa na kila sifa ya kuwatia watu imani, na yeye aliuondoa siku ile ile, machozi yake hayajakauka. Sisi tumekaa na wetu miaka mingi.

Yapo pia maamrisho ya Surat Al-Hujurat, aya ya 6, ya kuhakiki habari inayoletwa kabla ya kuitendea kazi. Aya hii tunaihifadhisha kuanzia darasa la nne.

Tuseme sasa kilichotufanya tuandike. Miaka miwili iliyopita, katika mahafali, binti mmoja wa darasa la tano alisoma hotuba ambayo sisi walimu ndio tulioiandika. Ndani yake kilikuwemo kisa hiki. Alisoma vizuri mno, ukumbi ukajaa takbira, na mama yake akalia kwa furaha. Wiki iliyofuata alikuja chuoni mapema kabla ya wenzake, akasimama mlangoni.

"Ustadh, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ustadh, kaka anasema mwezini hakuna hewa, na yule mtu mwenyewe amekataa. Ananicheka." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Je, na Miraji pia iko hivyo?"

Tunaona haya kuliandika jibu tulilompa. Tulimwambia asibishane na kaka yake, akae aanze kudurusu. Alikaa. Lakini kwa muda mrefu baada ya siku ile hakuinua tena mkono kuuliza.

Enyi wazazi wetu, mtoto hana mafungu mawili ya mambo anayoambiwa na ustadhi, fungu la yakini na fungu la kunogesha hotuba. Yote huyaweka katika mkoba mmoja. Akigundua kwamba kimoja ni kibovu ataumwaga mkoba mzima, au ataufunga asiutazame tena. Miraji imesimama juu ya Qur'ani na juu ya mapokezi ya Masahaba, na haikuwa na haja ya kusaidiwa na mhandisi wa Ohio. Hali kadhalika kupasuka kwa mwezi. Ile picha inayosambazwa ikionyesha mfereji juu ya uso wa mwezi ni ya bonde liitwalo Rima Ariadaeus, lenye urefu wa kilomita 300 na kidogo, wala halizunguki mwezi mzima. Tunaamini muujiza huo kwa sababu umetufikia kwa njia sahihi, na tuliuamini kabla ya kamera kuvumbuliwa.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba tulipokuwa tukishughulika na hadithi hiyo, yale ya kweli tuliyapita. Nani kati ya wanafunzi wetu anamjua Farouk El-Baz? Ni Mmisri, alizaliwa Zagazig mwaka 1938, akasomea miamba. Alikuwa katibu wa kamati iliyochagua sehemu za kutua vyombo vya Apollo, na aliwafundisha wanaanga namna ya kuutazama uso wa mwezi na kueleza wanachokiona. Kabla hujafikiria Mwislamu gani alisikika mwezini, fikiria kwamba Mwislamu alikuwemo chumbani wakipanga pa kutua! Tena mashimo ya mwezini yamepewa majina ya wanavyuoni wetu, wakiwemo Al-Biruni, Ibn Sina na Ulugh Beg. Mwaka 1985 Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alisafiri anga za juu mwishoni mwa Ramadhani, na Oktoba 2007 daktari Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alifunga safari kama hiyo pia katika Ramadhani. Kwa ajili yake maulamaa wa nchi yake waliandaa mwongozo wa namna ya kusali, kuelekea kibla na kufunga katika chombo kinachozunguka dunia kila baada ya dakika 90. Masuala ya fiqhi yaliyomo humo yanatosha kufundishia muhula mzima, na kila moja lina mwenyewe na tarehe yake.

Kwa hiyo kamati ya walimu imekubaliana kukiondoa kisa kile katika hotuba, mashairi na maigizo ya madrasa yetu, na anayekipokea katika simu tunamwomba asikisambaze.

Binti yule sasa yuko darasa la saba. Tulimwita pamoja na mama yake, tukamwomba radhi, na suala lake la Miraji tukalijibu kama lilivyostahiki kujibiwa siku ile. Tukamwomba asome tena kwenye mahafali ya mwaka huu. Alikubali kwa sharti kwamba safari hii ataandika mwenyewe na sisi tutakagua baadaye. Ameshatuazima ramani ya ukutani ili aitafute Zagazig.

Wabillahi tawfiq.