Tutalipwa Lini?



Mwaka jana, baba mmoja wa Muleba, ambaye yeye na watoto wake wanne huimba pamoja, alinifuata baada ya jubilei iliyofanyika Bukoba. Kwa unyenyekevu mwingi akauliza kama wangeweza kurudishiwa nauli. Nilitabasamu, nikamjibu kwamba walikuwa wamemwimbia Mungu, naye ndiye mlipaji. Alishukuru akaondoka. Jibu langu limenisumbua tangu niliposoma habari za familia ya akina Brown wa Aberdeen, mji mdogo katika jimbo la Mississippi, Marekani.

Edward, A.R.C. na dada yao Annie walianza kuimba wangali watoto. Walijiita The Staples Jr. Singers kwa kuwahusudu The Staple Singers, familia nyingine yenye asili ya Mississippi iliyokuwa Chicago, na ambayo mwaka 1972 wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Vipaji havikupishana sana: maneno ya Injili yaliyobebwa na magitaa na mapigo ya soul. Kilichopishana ni soko. Mwaka 1975 akina Brown walitoa santuri moja, nakala mia chache tu, wakaziuza wenyewe kwa mikono, nyingine nje ya nyumba yao. Haikuvuma. Walirudi kwenye maisha yao, wakaendelea kuimba makanisani, mpaka mwaka 2022 kampuni ya Luaka Bop ya New York ilipoitoa upya santuri ile. Ndipo wakaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya, nywele zikiwa na mvi. Mwaka 2024 walitoa ya pili, iliyorekodiwa kanisani huko huko Mississippi.

Santuri ile ya kwanza iliitwa When Do We Get Paid, yaani, tutalipwa lini? Najua lugha ya waamini: malipo yanayosemwa ni ya mbinguni. Hata hivyo, swali hilo linasomeka pia na mwenye nyumba anayedai kodi.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama fundisho tamu la uvumilivu. Mimi utamu huo siuoni. Miaka 47 ni umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Na hawa ndio waliopatikana.

Sisi wa Kagera tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wamarekani. Panda gari lolote la Bukoba–Muleba, utasikia kwaya ambazo hakuna abiria anayejua majina yake. Zamani tulinakili kaseti zao, leo tunarushiana kwa simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, lakini sijaona ikivuka kizingiti cha sakristia. Katika makasri ya Abakama wetu, mpiga enanga alitunzwa. Sisi tunamlipa mpishi wa jubilei, tunamlipa mwenye turubai na mwenye vipaza sauti, kisha waimbaji tunawaambia watapata mbinguni.

Nimemwomba mtunza hazina aweke fungu la waimbaji katika bajeti ya parokia. Nauli ya familia ile nimeitenga katika bahasha, imo mezani kwangu. Mzee yule hajarudi kuiuliza, na Jumapili hii nitaipeleka Muleba mwenyewe.