GARI LINAMKOHOZA MTOTO, FUNDI ANASEMA GESI!

Leo naomba tukae kitako, kwa sababu juzijuzi nimepata aibu mbele ya dada yangu wa tumbo moja, na aibu ya ndugu unaijua ilivyo: haiishi mpaka sikukuu tatu zipite.

Iko hivi. Nina kigari changu, Toyota IST, zile za toleo la kwanza zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 2002. Usicheke! Simama kwenye foleni yoyote ya mji huu, kushoto IST, kulia IST, nyuma bodaboda anakupigia honi. Mimi naishi Chamazi, huko mbele ya Mbagala, na dada anakaa Kizuiani. Ana binti wa miaka 9 mwenye pumu tangu mdogo. Sasa kila nikimpa lifti huyu mpwa wangu, hatufiki mbali, kikohozi. Kho, kho, kho! Mama yake anafungua mkoba, anatoa pampu ya pumu, mtoto anavuta, safari inaendelea. Siku ya kwanza nikasema mafua. Ya pili nikasema vumbi la barabarani. Ya tatu dada akanigeukia, uso umekunjamana:

"Kaka, hivi gari lako lina nini? Mbona kwenye daladala hakohoi?"

Hapo niliishiwa maneno. Daladala! Watu wamebanana, madirisha wazi, lori la mchanga linapuliza moshi pembeni, na mtoto mzima kabisa. Akiingia kwenye gari la mjomba, vioo juu, AC imewashwa, anakohoa kama trekta bovu.

Nikaanza kuhangaika. Nikakitoa kile kimti cha manukato kilichokuwa kinaning'inia kwenye kioo cha ndani. Wapi! Nikatoa mazulia, nikayafua kwa sabuni ya unga, nikaanika siku mbili. Wapi! Mama mkwe aliposikia akashauri nifukize ubani, eti gari limepitia mikono mingi, huwezi jua aliyelimiliki kabla yangu aliliachia nini. Nikasema ndiyo mama, nikafukiza. Mtoto akakohoa maradufu.

Na AC yenyewe siku hizo ilikuwa imechoka. Unaweka feni namba nne inanguruma kama jenereta ya saluni, ila upepo unaotoka ni wa kupoza chai. Na ile harufu sasa... kama godoro lililonyeshewa likaingizwa ndani bichi. Nikaenda kwa fundi mmoja wa AC, jina na mtaa wake nabaki navyo. Hakufungua hata nati moja. Aliweka kiganja kwenye tundu la upepo sekunde mbili, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema.

"Bosi wangu, gesi imekwisha. Na hii kompresa haina maisha. Andaa laki nne na nusu tumalize kazi."

Laki nne na nusu! Nikamwambia ngoja nifike kwa wakala nikatoe hela. Mpaka leo sijarudi.

Aliyeniokoa si fundi. Ni mshikaji wa kijiweni kwetu, dereva wa teksi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Nilipomaliza kulalamika akaniuliza swali moja tu: "Huo upepo kidogo unaotoka, ni wa baridi au wa joto?"

Nikamwambia wa baridi.

"Sasa gesi imekwishaje? Kafungue dashibodi utoe filta."

Filta ipi tena? Mimi najua filta ya oili, najua filta ya hewa iliyo kwenye lile boksi jeusi chini ya boneti, ile ambayo mafundi wanaipuliza upepo kila ukibadilisha oili. Kumbe ipo nyingine ambayo haihusiani na injini hata chembe. Ile ya boneti inachuja hewa anayovuta injini. Hii inachuja hewa unayovuta wewe, mkeo, watoto na yule jirani anayeomba lifti kila Jumatatu. Wengi wanaiita filta ya AC, ingawa inafanya kazi hata AC ikiwa imezimwa, maadamu feni inazunguka. Ya injini hatuisahau kwa sababu ikiziba gari linakosa nguvu na linakunywa mafuta. Hii ikiziba gari linatembea kama kawaida. Anayekosa nguvu ni abiria.

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, nikaegesha uani na kuanza kazi. Nitakueleza nilivyofanya, maana haihitaji hata bisibisi kwenye IST na kwenye Toyota nyingi ndogo za aina yake. Fungua kile kidroo cha mbele ya abiria, ambacho wote tunakiita dashibodi. Toa vilivyomo (mimi nilikuta risiti za mafuta, kofia ya mtoto na kitana kisichojulikana mwenyewe, na naomba maelezo ya kitana yabaki kati yangu na mke wangu). Pembeni mwa kidroo mara nyingi kuna kamba au kimkono cha plastiki kinachokizuia kisidondoke, kichomoe polepole. Halafu bana kuta mbili za kidroo kwa ndani kama unabana mashavu ya mtoto. Kinashuka chote. Usilazimishe! Plastiki iliyopigwa jua la Dar miaka yote hiyo ni kavu kama biskuti, ukivuta kwa hasira inakatika.

Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki, kimelala. Bonyeza vishikizo vyake, vuta kuja kwako. Filta ndiyo hiyo, inatoka kama droo ya kabati.

Yangu ilitoka na mambo yake. Kwanza nilidhani nimetoa kitu kingine. Filta mpya ni nyeupe, imekunjwakunjwa kama feni ya karatasi. Hii ilikuwa nyeusi, mikunjo yote imejaa vumbi lililoshikana kama ugoro, na juu yake tabaka la majani makavu ya mwembe. Nikaelewa. Kwangu naegesha chini ya mwembe, tena kwa majivuno, kwamba gari langu linapata kivuli. Hewa ya nje inaingilia chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa, kupitia matundu ambayo ukiyachungulia unayaona. Jani likidondoka pale linasagika, vipande vinaingia, vinaozea ndani mvua ikinyesha. Hiyo ndiyo harufu ya godoro.

Kwenye kona moja kulikuwa na manyoya, vipande vya sponji na maganda ya karanga. Panya, mtu wangu. Panya alikuwa amejenga mle ndani, na mimi kila siku nawasha feni nampulizia mpwa wangu mwenye pumu mabaki ya panya usoni, vioo juu ili yasitoke. Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango, filta mkononi, sikuweza kuendelea mpaka mke wangu akaniletea maji.

Hapa usifanye utani. Ukikuta uchafu wa panya usikung'ute filta, usipulize wala usifagie kikavu, maana vumbi la kinyesi na mkojo wake likiruka ukalivuta linaweza kukuletea maradhi. Vaa barakoa na glovu, nyunyizia maji yenye jiki kidogo, acha dakika chache vilowe, kisha vyote viingie kwenye mfuko na ufunge. (Rambo zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia gunia dogo au boksi, usije ukasema mimi ndiye niliyekutuma.) Sehemu inapokaa filta nikapangusa kwa kitambaa kibichi, taratibu, majani yasidondokee kwenye feni iliyo chini. Yakidondoka utasikia feni inapiga kelele ya kijiti kwenye tairi la baiskeli.

Kisha nikafanya jaribio alilonifundisha yule mshikaji. Filta ikiwa nje, washa gari, washa AC, feni namba ya juu. Upepo ukarudi kwa kishindo, risiti zikaruka hadi kiti cha nyuma! Na baridi yake mwanaume nilitafuta koti. Kompresa isiyo na maisha, eti.

Jaribio hilo liweke kichwani, ni la bure. Upepo dhaifu lakini wa baridi, mara nyingi shida ni filta, au feni. Upepo wenye nguvu lakini wa joto, hapo ndipo uongee gesi na kompresa. Maji yakikudondokea miguuni upande wa abiria, kuna mpira wa kutolea maji chini ya gari umeziba. Ila usijizoeze kutembea bila filta kwa kuwa upepo ni mtamu. Vumbi lote litaenda kuganda kwenye ile redieta ndogo ya ubaridi iliyojificha ndani ya dashibodi, na kuifikia hiyo ni kubomoa dashibodi nzima. Hapo hata laki nne utaziona ndogo.

Kununua, nilienda Kariakoo, upande wa Gerezani. Usiende mikono mitupu. Beba filta ya zamani (kama si nyumba ya panya), na piga picha namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, maana IST na IST si lazima zifanane na muuzaji anaweza kukupa ya Passo huku akikuapia kwa mama yake. Filta ikiwa ndogo hata kwa sentimita, hewa inapita pembeni na umenunua pambo. Mimi nilivutana na yule kijana kutoka 25,000 hadi 15,000, ile nyeupe ya kawaida. Zipo nyeusi zenye mkaa ndani, ghali kidogo, zinapunguza harufu na baadhi ya moshi. Ukiwa mtu wa foleni za Barabara ya Kilwa au Tegeta, ongeza hela chukua hiyo.

Kuirudisha ni rahisi, ila angalia mshale uliochorwa ubavuni. Unaonyesha hewa inakoelekea, na kwenye Toyota hizi hewa inashuka chini kwenda kwenye feni, kwa hiyo mshale uangalie chini. Kama pameandikwa UP, basi huo upande ndio uwe juu.

Watengenezaji wengi huandika ibadilishwe kati ya kilometa 15,000 na 30,000, au mara moja kwa mwaka. Hayo ni maandishi ya watu wa lami. Wewe unayetokea Chamazi, Yombo, Goba au Bunju, gawa kwa mbili. Barabara ya Kilwa ilipoanza kuchimbwa mwaka 2019 kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, vumbi tulilokula sisi wa Mbagala lingetosha kufyatulia tofali. Halafu usiioshe kwa maji, ya karatasi inalegea na kuota ukungu. Kuipuliza kwa upepo wa gereji inaweza kukusogeza wiki moja ukisubiri mshahara, lakini ule upepo unatoboa, na tundu hulioni.

Kuna wenye magari ya zamani watakaofungua na kukuta hakuna kitu. Usimshike fundi uchawi. Filta hizi zilianza kuenea miaka ya 1990, na magari mengi ya kabla ya hapo hayana hata nafasi yake. Mengine yametoka Japani nafasi ipo ila filta haikuwekwa, unakuta tundu tu. Hapo ni neema, unanunua na kuchomeka. Na ukisikia harufu ya moshi wa gari lako mwenyewe ndani, hiyo si kazi ya filta. Hewa ya sumu ya moshi inapita kwenye filta kama haipo. Fungua vioo, peleka gari likaangaliwe bomba la moshi siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata nikampitia dada na binti yake, tulikuwa na shughuli Tegeta, yaani kukatisha mji mzima. Gari sasa silazi tena chini ya mwembe, limekaa juani, kiti kinachoma kama kikaango. Sikusema kitu kuhusu filta. Tulipita Mtoni, kimya. Tukafika Mwenge, kimya. Pale Tegeta, nilipofungua kioo kuuliza njia, akakohoa mara moja, dada akaingiza mkono kwenye mkoba. Nikafunga kioo haraka. Mtoto akasogeza uso kwenye tundu la upepo.

"Mjomba, ongeza namba tatu."

Pampu ilibaki mkobani mpaka tunarudi. Pumu anayo bado, na dada bado anabeba mkoba ule ule. Kitu ambacho bado sijamwambia ni habari ya panya, na kama anasoma ukurasa huu, dada, naomba tuongee ukiwa umeshakula.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, ni zamu ya wanaojaza redieta maji ya kisima.