Skuli Mbili Kuwa Moja: Asiyekuwapo na Lake Halipo



Safu ya mwezi huu naielekeza kwenye jambo ambalo wazazi kadhaa wameniuliza, nalo ni barua wanazokuja nazo watoto kutoka skuli, zenye kueleza kwamba kaunsili inakusudia kuziunganisha skuli mbili jirani, ya wadogo na ya wakubwa, ziwe skuli moja ya msingi. Wako waliodhani kuwa skuli ya mtoto wao inafungwa kwa sababu imefanya vibaya. Wako pia walioiweka barua pembeni wakisema kuwa hayo ni mambo ya wenye nchi. Dhana ya kwanza aghalabu si sahihi. Ya pili ina madhara, kwani watoto wanaosoma katika skuli hizo ni wetu na kodi inayoziendesha tunailipa sisi pia.

Kwanza tuelewe mpango wenyewe ulivyo. Hapa England mtoto huingia darasa la Reception mwezi wa Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Mahali pengine huingia katika skuli moja ya msingi na kubaki humo mpaka afikapo miaka 11. Mahali pengine huanza Infant School, ambayo humlea mpaka miaka 7, kisha huhamia Junior School kwa miaka minne iliyobaki. Aghalabu skuli hizo mbili zimepakana, na pengine zimetenganishwa na ukuta tu. Lakini kila moja ina mwalimu mkuu wake, bodi yake, fedha zake na kanuni zake.

Mgawanyo huo una historia ndefu. Robert Owen alifungua skuli ya watoto wadogo katika kiwanda chake cha pamba huko New Lanark, Scotland, mwaka 1816. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1870, bodi za skuli zilijenga majengo makubwa ya matofali, na hata leo ukipita katika mitaa ya zamani utaona juu ya milango yake maneno yaliyochongwa katika jiwe, mlango wa wadogo mbali, wa wavulana mbali, na wa wasichana mbali. Mwaka 1931 kamati iliyoongozwa na Sir Henry Hadow ilipendekeza kwamba, pale inapowezekana, watoto walio chini ya miaka 7 wawe na skuli yao. Sheria ya mwaka 1988 nayo iliugawa mtaala kwa hatua, ya kwanza ikaishia miaka 7 na ya pili miaka 11. Kwa hiyo mpaka huu haukuwekwa bila ya hekima. Waliouweka walimwona mtoto wa miaka mitano kuwa kiumbe dhaifu anayehitaji kiwanja kidogo, sauti ya upole na walimu waliosomea malezi ya umri wake.

Kwa nini basi mpaka huo unaondolewa sasa katika miji mingi? Sababu kubwa ni uchache wa watoto. Mwaka 2012 walizaliwa watoto 729,674 katika England na Wales. Mwaka 2023 walizaliwa 591,072. Tofauti hiyo ya watoto zaidi ya 138,000 inaonekana leo katika viti vitupu vya madarasa, na London imeathirika sana. Huko kwetu tumezoea kinyume chake: mwalimu analalamikia wingi wa watoto, na jengo moja linapokea kundi la asubuhi na kundi la mchana. Hapa sehemu kubwa ya fedha za skuli humfuata mtoto. Darasa lenye nafasi 30 likiwa na watoto 19, mshahara wa mwalimu haupungui, wala gharama ya kulipasha joto jengo haipungui.

Isitoshe, kila skuli hupewa fungu moja la fedha lisilotegemea idadi ya watoto, ambalo siku hizi linazidi pauni 100,000 kwa mwaka. Skuli mbili zikiwa moja, hatimaye fungu moja hupotea, ingawa sehemu yake huachwa kwa muda ili kurahisisha mpito. Kwa upande wa pili, mshahara wa mwalimu mkuu mmoja huokolewa, pamoja na gharama za ofisi moja. Kaunsili kadhaa zimeweka desturi ya kulifikiria jambo hili kila mwalimu mkuu wa mojawapo ya skuli hizo anapostaafu au kuhama. Basi mzazi akisikia mwalimu mkuu anaondoka, na afungue masikio.

Ama taratibu zake, kwa skuli zilizo chini ya kaunsili, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuzifunga zote mbili na kufungua mpya. Ya pili, ambayo ni rahisi zaidi, ni kuifunga moja kisheria na kuiongezea nyingine umri wa watoto inaowapokea. Neno “kufungwa” katika barua huwatia watu hofu, lakini katika njia hii ya pili watoto hawafukuzwi. Wanaendelea chini ya jina moja, mara nyingi katika majengo yale yale. Kwanza hukusanywa maoni ya wazazi, walimu na majirani. Kisha hutolewa tangazo rasmi, na kuanzia siku hiyo kuna wiki 4 za kupeleka maoni au pingamizi kwa maandishi. Baada ya wiki hizo kaunsili inapaswa kuamua ndani ya miezi 2, ama sivyo shauri hupelekwa kwa mwamuzi maalumu wa mambo ya skuli. Skuli zilizokwisha kuwa academy zina utaratibu wake chini ya wizara.

Sasa nitoe rai yangu. Kwa watoto wetu, na nasema watoto wetu hasa, naona muungano una heri zaidi kuliko madhara, iwapo utafanywa kwa masharti. Sababu yangu kubwa ni lugha.

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba mtoto anayejifunza lugha ya pili hupata Kiingereza cha mazungumzo katika muda wa miaka 2 hivi. Kiingereza cha kusomea, yaani cha kueleza sababu, kulinganisha na kuandika hoja, humchukua miaka 5 hadi 7. Tupige hesabu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili nyumbani akianza Reception na miaka 4, atakipata Kiingereza hicho cha pili kati ya miaka 9 na 11. Lakini akifika miaka 7 anahamishwa skuli. Mwalimu mpya anamsikia uwanjani akizungumza kama wenzake, anadhani hana haja ya msaada, na msaada unakatika katikati ya safari. Mwalimu wa zamani, aliyejua kwamba mtoto huyu husoma kwa ufasaha asiyafahamu ayasomayo, yuko upande wa pili wa ukuta. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/24 hata mitihani ya kitaifa ya mwisho wa Year 2 si ya lazima tena, kwa hiyo ujuzi wa mwalimu juu ya mtoto umezidi thamani. Katika skuli moja mwalimu wa Year 3 anaweza kutembea hatua ishirini akamuuliza mwenzake.

Wazee waliosoma Tanganyika enzi za ukoloni wanaufahamu uzito wa kizingiti. Skuli ya msingi ilikuwa ya miaka minne, kisha ikaja skuli ya kati, na katikati yake mtihani wa darasa la nne. Wengi wenye akili timamu waliishia pale. Kizingiti cha hapa si kikali kama kile, wala hakimfukuzi mtoto, lakini nacho kina wanaojikwaa.

Sababu ya pili ni ya maombi ya nafasi. Mtoto aliye Infant School hahamishiwi Junior School kwa kuwa amefika umri tu. Mzazi hana budi kuomba nafasi kwa kaunsili akiwa mtoto yuko Year 2, na siku ya mwisho ni tarehe 15 Januari. Majibu hutolewa tarehe 16 Aprili au siku ya kazi inayofuata. Familia iliyokuja karibuni, ambayo haijui utaratibu huu, huweza kudhani kuwa mtoto atavuka ukuta wenyewe kwa wenyewe. Nafasi zikijaa, mtoto hupelekwa skuli ya mbali, na mama hubaki akigawanyika baina ya milango miwili kwa saa ile ile. Katika skuli moja ya msingi ombi ni moja tu, la Reception. Maadamu skuli zenu bado ni mbili, tarehe hiyo ibandikeni jikoni.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja, na haifai kuzipuuza. Skuli ya wadogo yenye madarasa matatu kwa kila mwaka ina watoto hadi 270. Ikiunganishwa na ya wakubwa yenye watoto 360, inakuwa na watoto 630. Mtoto wa miaka minne katika umati huo huweza kupotea kama sindano mchangani. Mwalimu mkuu mmoja hawezi kuwa bingwa wa umri wote kwa usawa, na upo uwezekano wa wadogo kusahauliwa kwa sababu mitihani ya Year 6 ndiyo inayotazamwa na watu. Aidha, wapo ndugu zetu, hasa kina mama, wanaofanya kazi za usaidizi wa madarasa, jikoni na uwanjani wakati wa chakula, na ajira hizo zinaweza kupunguzwa. Jambo moja liwatulize: sheria ya mwaka 1998 inayozuia madarasa ya Reception, Year 1 na Year 2 kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja inaendelea kutumika hata skuli zikiunganishwa.

Kwa hiyo nendeni mkutanoni na maswali haya, na mwombe majibu kwa maandishi.

Kwanza, je, wadogo watakuwa na kiwanja chao, mlango wao, na naibu wa mwalimu mkuu anayesimamia elimu yao?

Pili, msaada wa Kiingereza kwa watoto wa lugha nyingine utasimamiwa na nani, na utafuatilia mtoto mpaka mwaka gani?

Tatu, kanuni za skuli ipi zitafuatwa? Pengine moja ina chakula cha halali na nyingine haina. Pengine moja inaruhusu mavazi ya stara katika michezo, na nyingine haijawahi kuulizwa. Kuogelea ni sehemu ya mtaala wa skuli ya msingi, basi suala la mavazi litafika tu.

Nne, ibada ya pamoja itakuwaje? Sheria inataka ibada ya kila siku, ambayo katika skuli zisizo za dini huwa kwa jumla na sura ya Kikristo. Mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe. Skuli pia huweza kuomba ruhusa kwa baraza la mtaa la elimu ya dini ili isifungwe na sura hiyo. Ikiwa skuli yenu moja ilikwisha pata ruhusa, ulizeni kama itahamia kwenye skuli mpya. Na ikiwa mojawapo ni skuli ya kanisa, swali hili linakuwa la kwanza badala ya la nne.

Tano, jengo litakalobaki tupu litafanywaje? Vyuo vyetu vya Qur-ani katika miji mingi hukodi kumbi za skuli jioni na Jumamosi. Ukumbi ukiuzwa, chuo kinahama. Kiwanja cha michezo hakiuzwi bila ya idhini ya Waziri wa Elimu, lakini majengo yana njia nyingine.

Sita, mwenye mtoto aliye na hati ya mahitaji maalumu aulize ni lini jina la skuli litabadilishwa katika hati hiyo, na kama msaidizi wa mtoto atabaki yule yule.

Mbali ya maswali, tunayo nafasi ya kuingia ndani. Bodi ya skuli ya kaunsili inatakiwa kuwa na wawakilishi wa wazazi wasiopungua wawili. Bodi mpya inapoundwa, nafasi hizo huwa wazi. Hakuna sharti la kuwa na shahada, wala lafudhi ya wenyeji. Kadhalika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inailazimu kaunsili kuzingatia athari za uamuzi wake kwa watu wa dini na asili mbalimbali. Haiwezi kuzingatia athari ambayo hakuna aliyeitaja.

Dini yetu imetuhimiza kushauriana katika mambo yetu, na wenyeji wa hapa nao wametuita tushauriane. Mwito huo una muda wake, na muda ukipita uamuzi hutolewa kwa hoja za waliojibu. Sauti tatu za wazazi Waislamu katika rundo la majibu huonekana, ilhali zisipokuwamo kaunsili huandika kwa haki kabisa kwamba hapakuwa na pingamizi.

Aliye na barua ya namna hii ambayo hakuifahamu na ailete chuoni Jumamosi, nitaisoma pamoja naye na kumsaidia kuandika jibu. Asiyeweza kufika amtume mwanawe. Wazee wasiokuwa na watoto skulini nao wanaweza kujibu, kwani maoni ya majirani pia hupokelewa. Tazameni kwanza tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini ya barua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.